Muziki Umehamia Sebuleni

Duka la miwani, 4 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, macho ya watu wa huku ndiyo mabovu, na ndiyo yanayonilisha. Leo nimepima wazee tangu asubuhi, na kila mmoja anazisoma herufi za ukutani kwa kubahatisha akidhani simwoni.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta kidude cheusi, kidogo kama sabuni ya kuogea. Usikidharau. Kinaungwa nyuma ya redio yako kubwa, ile ambayo marehemu Mama alikuwa akiifunika kitambaa kwa huruma zaidi kuliko alivyonifunika mimi. Kikishaungwa kinavuta muziki kutoka kwenye intaneti, bila kaseti wala santuri, na kuutoa kwenye spika zako zile zile. Ukitaka kuchagua wimbo, tumia tableti niliyokuwekea. Ukichoshwa na tableti, bonyeza kitufe cha juu ya kidude, kitaanza kupiga chenyewe. Nimekuunganisha kwenye akaunti yangu ili usihangaike kujisajili.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Wewe ndiye uliyetulea hivi, kwamba simu ni ya salamu na jambo la maana huandikwa. Nilipokuwa shule uliwahi kuniandikia barua ya kunikanya nisichelewe kurudi, ukaibandika stempu, kisha ukaipenyeza chini ya mlango wa chumba changu.

Sasa jambo la maana ni hili. Harusi ni mwisho wa Juni, na nilikuomba wimbo mmoja tu wa kucheza na wewe, ukakataa. Kila sherehe ya nyumba yetu Mama alikuwa uwanjani, na wewe umesimama kando ya redio, eti unabadilisha santuri. Basi kidude hiki kinabadilisha nyimbo chenyewe. Kisingizio kimekwisha, Baba.

Mhasibu wangu, mkwe wako mtarajiwa, anakuamkia.

Binti yako,
Kasuku


Sebuleni, 15 Februari

Kwa Kasuku,

Marahaba. Kifurushi kimefika. Kama mtu aliyepanga barua posta mpaka akastaafu, nakupongeza kwa anwani, imesomeka. Kamba ndiyo umeifunga kama unayefunga kuku asitoroke. Ukija nitakufundisha tena.

Kidude nimekiunga. Waya mwekundu nimeuchomeka kwenye tundu jekundu. Waya mweupe ulikosa mwenzake, kwa sababu redio yangu ina tundu jeusi, nikawaoza hivyo hivyo. Kisha nikabonyeza kitufe. Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Kulitoka mngurumo wa lori bovu linalopanda mlima. Kioo cha kabati la vyombo kilitetemeka, na paka aliyekuwa amelala dirishani hajaonekana mpaka leo. Jirani yetu fundi cherehani, Mama Sindano, alikuja mbio akidhani mtungi wa gesi umelipuka. Alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo alinigombeza kwa mikono.

Nimekizima, na nimekifunika kitambaa. Kama huo ndio muziki wa siku hizi, nawaonea huruma wageni wako wa harusi.

Kuhusu kucheza, nimeshasema sichezi. Mimi na miguu yangu tulielewana zamani kwamba kazi yake ni kunipeleka na kunirudisha. Nitakufikisha kwa mumeo kwa mwendo wa kawaida, wa mtu anayekwenda dukani.

Mwambie Mhasibu marahaba.

Baba yako


Duka la miwani, 24 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nyuma ya kaunta nikacheka mpaka mteja akaniuliza kama macho yake ndiyo yanachekesha.

Umechomeka kwenye tundu la santuri. Sauti ya santuri ikitoka kwenye sindano ni ndogo sana, ndiyo maana redio inaikuza kwa nguvu zote. Kidude hiki kinakuja na sauti yake kamili. Ukikitia kwenye tundu lile ni sawa na kumpa Shangazi kipaza sauti. Hamishia waya zote mbili kwenye matundu ya pembeni yaliyoandikwa AUX. Mwekundu kwa mwekundu, na yule mweupe na mweusi waache na ndoa yao.

Ukikwama, mwite Mama Sindano aisome tableti. Nasikia ana moja anayoangalizia mishono.

Kasuku


Sebuleni, 6 Machi

Kwa Kasuku,

Marahaba. Sasa kinasikika. Nimekaa kwenye kiti changu, nimebonyeza kitufe, na spika zangu zimetoa sauti kama siku nilipozitoa kwenye boksi. Nilisimama kidogo. Sikulia, ila nilisimama.

Lakini nina malalamiko. Kidude kina tabia mbaya. Kila nikibonyeza hakinipi nyimbo zangu, kinaanza na za kwake. Kuna kijana mmoja analilia gari. Namna ninavyomwelewa, ameuza gari, mwanamke amemwacha, na kinachomuuma ni gari. Anaimba kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Namzima, nachagua wangu, kesho nikibonyeza yule bwana yupo tena. Sikumwalika sebuleni kwangu.

Mengine. Kitambaa cha suti nimempa Mama Sindano na ameshaanza kunipima. Wenzangu wote wa posta nimewaalika, wa dirishani, wa vifurushi, mpaka yule wa mizani ambaye hatukuwa tukisemeshana. Wameanza kunyoa ndevu tangu sasa. Sijawahi kuwa na jambo la kuwaitia watu tangu tulipomzika mama yako, na nakuambia kweli, nina furaha.

Usinipigie simu saa kumi jioni. Saa hizo siku hizi napumzika.

Baba yako


Chumbani kwangu, 14 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua hii isome ukiwa peke yako, na ukimaliza uichane.

Mhasibu ameingia mitini. Amehamia tawi lingine la kampuni yao, na ameniaga kwa ujumbe wa simu wenye mistari mitatu. Wa kwanza anasema hajajiandaa kuoa. Wa pili anasema mimi ni mtu mzuri. Wa tatu anaulizia chaja yake. Chaja nimempelekea. Nilivunja mfuniko wa boksi la hiyo chaja nikijifanya imetokea bahati mbaya.

Kinachoniua si yeye. Ni Baba. Ameshaalika posta nzima, Shangazi, ameshapimwa suti, na ameniandikia kwa mkono wake kwamba ana furaha. Baba, ambaye hata habari ya kustaafu kwake aliiita "taarifa". Nitamwambia vipi? Kila siku nashika kalamu, nafika kwenye shikamoo, naiweka chini. Naomba usimwambie wewe. Nipe muda nijikaze.

Kuna jambo lingine. Saa kumi duka likipoa huwa naingia chumba cha nyuma, naweka kisikizio sikioni nasikiliza wimbo wangu mmoja wa kulia. Katikati ya wimbo unakatika, na simu inaniandikia: Muziki umehamia Sebuleni kwa Baba. Maana yake amebonyeza kitufe, kwa sababu akaunti yetu ni moja na haiwezi kupiga kwa watu wawili. Mimi nabaki na machozi bila muziki. Kisha naona anaubadilisha. Anaweka nyimbo za mahaba, Shangazi, zile za polepole za kushikana viuno. Tena anaupiga mmoja kidogo, anaurudia mwanzo, kidogo tena, anarudia mwanzo. Kila siku saa kumi. Na aliniambia saa hizo anapumzika.

Hebu pita pale nyumbani, jitie hamnazo, uniangalizie.

Kasuku wako


Kwangu, 22 Machi

We Kasuku,

Marahaba. Sikuichana barua, niliichoma, halafu moshi ukanifanya nilie nikakosa kujua kama nalia moshi au nakulilia wewe. Huyo Mhasibu tumwache. Mwanamume anayedai chaja siku hiyo hiyo angekuhesabia hata chumvi ya mchuzi.

Nimekwenda kwa kaka yangu kama ulivyonituma. Nilifika saa kumi na kidogo, sikupiga hodi, maana hodi ni ya wageni. Nilichokuta nakueleza kama kilivyo. Mapazia yamefungwa. Meza imesukumwa ukutani, viti vimewekwa juu yake. Muziki wa mahaba unalia. Baba yako na Mama Sindano wamesimama katikati ya chumba, mbali mbali kama watu waliotoka kuachana mikono dakika ile, na wote wawili wanatoka jasho. Nikauliza kuna nini. Baba yako akasema anapimwa suti. Nikauliza, bila futi? Mama Sindano akasema futi ameisahau kwake. Anaishi ukuta wa pili, mwanangu. Na miguuni amevaa viatu vya mvua, na mvua haijanyesha.

Mimi nimeshajua. Sisemi kitu, lakini nimeshajua, na suti ya kupimwa kila siku itamtosha tembo.

Sasa nisikilize. Mwambie. Wewe unamficha yeye, yeye anatuficha sisi, na mimi nimekaa katikati nimeshika siri za watu kama mhudumu wa choo cha stendi anavyoshikishwa mabegi. Jana alinisomea majina ya wageni, nikajifanya nakohoa. Sina kifua cha kukohoa mpaka Juni.

Shangazi


Sebuleni, 2 Aprili

Kwa Kasuku,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana barua zako zimepungua.

Kidude kinaumwa. Yule kijana wa gari ametoweka, nami nilidhani nimepona, kumbe ameletwa mwingine. Ni mwanamke. Kila saa kumi nikibonyeza anatoka yeye, wimbo ule ule, anamwambia mtu aliyeondoka kwamba mlango hajaufunga na chakula kipo. Siku ya kwanza nilimzima. Siku ya pili Mama Sindano, aliyekuwa amekuja kwa shughuli za suti, aliniambia niuache uishe, na ulipoisha ilibidi akae. Suti haikupimwa siku ile.

Nimekichomoa, nimekipangusa, nimekiweka juani. Nimemwita fundi wa redio akakifungua, akakitikisa sikioni mwake, akasema kizima. Sasa nakuuliza wewe uliyekinunua. Si kwamba kilikuwa cha mtu? Kama kilikuwa cha mtu, aliyekiuza alikuwa na msiba, na huzuni yake imebaki humo ndani. Usinicheke. Nimeshaona mifuko ya barua iliyotoka mbali ikiwa na harufu ya nyumba za watu.

Na Mhasibu, vipi? Zamani kila barua alikuwa akiniamkia.

Baba yako


Duka la miwani, 10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Kidude ni kipya, nilikitoa dukani mwenyewe. Hiyo ni hitilafu ya mtandao tu, usiijali, itaisha.

Mhasibu yuko na kazi nyingi, wanafunga hesabu za mwaka. Mimi mzima. Macho ya watu ndiyo mabovu.

Ila Baba, nyimbo za polepole za saa kumi nimeziona kwenye simu yangu. Kama kuna jambo la maana unataka kuniandikia, niandikie. Sitakasirika. Mama ameondoka muda mrefu, na Mama Sindano ni mtu mwema.

Kasuku


Sebuleni, 19 Aprili

Kasuku mwanangu,

Safari hii sina malalamiko.

Barua yako ilisema wimbo ninaopiga mimi unaonekana kwenye simu yako. Nikajiuliza, na anaopiga yeye unaonekana wapi? Nikampa Mama Sindano tableti. Akavaa miwani, akasoma maandishi madogo ambayo mimi kila siku nilikuwa nayapita: Muziki umehamia hapa kutoka simu ya Kasuku. Akanitazama. Tukakaa chini wote wawili, na muziki tukauzima.

Kumbe kidude hakiumwi. Kila nikibonyeza nakupokonya wimbo ulio sikioni mwako. Yule kijana wa gari alikuwa wako. Na yule mwanamke wa mlango, tangu Machi, ni wako pia.

Sikuulizi kitu. Nimeshika barua za watu maisha yangu yote na sikufungua hata moja, na sitaanza na ya mwanangu. Lakini bahasha ikiwa imelowa, mpanga barua anaiona.

Mimi ndiye mwenye la kusema, na si hilo unalolidhani wewe na shangazi yako. Najifunza kucheza. Suti ilikwisha zamani, iko kabatini. Uliposema kisingizio kimekwisha nilikasirika siku nzima, halafu nikaona ni kweli. Redio inajiendesha, mimi nimesimama kando yake nafanya nini? Nikamwomba Mama Sindano anifundishe, nikitaka nikushtue Juni. Ndiyo maana tunaurudia mwanzo wa wimbo, kwa sababu sipiti mwanzo. Nimemkanyaga mpaka akaanza kuja na viatu vya mvua. Kwenda mbele sasa najua, kurudi nyuma najua. Kugeuka ndiko bado, nageuka kama gari la taka kwenye uchochoro, lakini nageuka.

Sasa miguu imeshafunzwa, na mimi siwezi kuirudisha ilikotoka. Sikujifunza kwa ajili ya Mhasibu. Kwenye wimbo ule hakuwa na nafasi hata kidogo, ulikuwa wa mimi na wewe. Kwa hiyo njoo. Usingoje Juni, na usije na mtu. Wenzangu wa posta niachie mimi. Hao wamezoea vitu kutofika.

Baba yako


Duka la miwani, 26 Aprili

Baba,

Shikamoo. Ameniacha. Tangu Machi. Niliogopa kukuandikia kwa sababu ulisema una furaha, na mimi ndiye ambaye ningeiondoa. Samahani.

Nakuja Jumamosi. Meza usiisukume peke yako, ningojee.

Kasuku


Duka la miwani, 6 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Kidole changu cha mguu kimepungua uvimbe, na leo nimevaa kiatu. Nawaambia wateja nimejigonga kwenye kochi. Sitaki wajue nina baba anayecheza, wataanza kumwazima.

Sijui niandike vipi kuhusu Jumamosi ile, kwa hiyo siandiki. Ulivyogeuka ulinikumbusha Mama, kwa sababu angalikuona angalicheka sana. Na yule mzee wa mizani aliyekuja na zawadi yake ya harusi akakataa kurudi nayo, mwambie birika linachemsha vizuri.

Shangazi ananiandikia kwamba wimbo wangu ulipokwisha, nilipokwenda jikoni kunywa maji, ulianza mwingine, na wewe na Mama Sindano mkaucheza mpaka mwisho, na hakuwa amevaa viatu vya mvua. Mimi sisemi kitu. Nangoja barua.

Jambo la mwisho. Nimeamua kukufungulia akaunti yako mwenyewe, tuache kupokonyana. Wewe utakuwa na nyimbo zako, mimi zangu, na hakuna atakayemkatia mwenzake. Niambie tu jina unalotaka nikuandikishe.

Kasuku


Sebuleni, 16 Mei

Kasuku mwanangu,

Marahaba. Kuhusu Mama Sindano, jambo la maana huandikwa, na likiwa tayari kuandikwa utaiona stempu yake. Kwa sasa bado tunajifunza kugeuka.

Kuhusu akaunti, usinifungulie. Acha ilivyo. Nikikupigia simu unasema mzima. Ukiniandikia unasema mzima, macho ya watu ndiyo mabovu. Kidude hakijui kusema hivyo. Nikibonyeza kitufe kinaniletea ulichokuwa unakisikiliza wewe dakika ile, nami najua siku yako imekwendaje. Wala usiogope kunikatia, mimi nina wimbo mmoja tu na nimeshaujua.

Wiki nzima iliyopita alikuwa akitoka yule mwanamke wa mlango. Sikumzima. Nilikaa naye mpaka amalize, kisha ndipo nikaweka wangu. Juzi zikatoka nyimbo nisizozijua, si za kulia wala za kucheka.

Jana saa kumi nikabonyeza, akatoka yule kijana anayelilia gari. Nilimwongezea sauti mpaka kioo cha kabati kikatetemeka. Mama Sindano akaja mbio na pini zake mdomoni, akasimama mlangoni kusikiliza, akazitoa moja moja, kisha akanisaidia kusukuma meza.

Baba yako